MOTOKAA IWAKAYO KISHA IKAZIMA: JINSI YA KUITAFUTA ILA YAKE

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Takaungu)



Reli haifiki hapa kwetu. Ilianzia Mombasa mwaka 1896 ikaelekea bara, ikatuacha sisi wa pwani ya kaskazini na vyombo vya baharini na motokaa. Kwa hiyo wengi wetu, hata tulio watumishi wa reli, nyumbani twategemea gari la abiria, au pikapu ya kupeleka samaki Kilifi, au lori la shamba la mkonge. Gari hilo likizima, riziki ya siku hiyo nayo imezima.

Leo twataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja tu: motokaa iwakayo vizuri, kisha baada ya muda mfupi ikazima. Tumeuchagua kwa sababu huleta ugomvi baina ya dereva na tajiri. Dereva husema, "Gari ni bovu." Tajiri husema, "Wewe ndiwe uliyeliharibu, utalipa." Fundi naye, kwa kuwa hakuna aliyemweleza jambo, hubadilisha pampu, isipofaa, hubadilisha koili, isipofaa, hubadilisha plagi zote. Mwisho wa mwezi bei ya spea hizo imekatwa katika mshahara wa dereva, kumbe ila ilikuwa waya wa betri uliolegea.

Ndugu, injini ya petroli yataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche ya umeme. Gari lililowaka limekwisha kutuonyesha kwamba vyote vitatu vilikuwapo kwa kitambo. Basi kazi yetu ni kujua ni kipi kilichoondoka. Maswali ni mawili: lilizima baada ya muda gani, na lilizimaje?

Tuanze na hilo la pili. Umeme ukikatika, injini hunyamaza ghafula, kama kwamba umegeuza ufunguo. Mafuta yakipungua, injini hukohoa, hutetemeka, hujikaza mara mbili tatu, halafu hufa. Dalili ya mvua ni mawingu. Dereva asikilizaye vizuri amekwisha kupata nusu ya jibu kabla ya kufungua boneti.

Kabla ya yote, tazama yaliyo rahisi. Je, tangi lina mafuta kweli, au mshale wa geji wasema uongo? Vichwa vya betri na waya ulioungwa kwenye bodi vimekazwa? Huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula shaba na chuma. Safisha, kaza, ndipo uendelee.

Kwanza, likizima papo hapo uachapo ufunguo. Katika magari mengi ya zamani koili hupata umeme kwa njia moja wakati wa kupiga stata, na kwa njia nyingine ufunguo ukirudi. Njia hiyo ya pili ikikatika, gari huwaka na kufa mara moja. Katika magari ya siku hizi, likizima kila mara baada ya sekunde moja au mbili, tazama taa ya ufunguo mbele ya dereva. Yawezekana mtambo wa kuzuia wizi haukuutambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa pili kabla ya kununua chochote.

Pili, likizima uondoapo mguu, lakini likaishi ukikanyaga mafuta kidogo. Hapo tafuta katika njia ya hewa. Mpira uliopasuka huvuta hewa ya wizi, na mara nyingi husikika ukipiga mluzi. Katika gari la kabureta tazama choki na kijitundu kidogo cha petroli. Katika gari lisilo na kabureta, mlango wa hewa huenda umejaa masizi. Kuusafisha ni rahisi kuliko kununua mwingine. Na kichujio cha hewa kisisahauliwe, maana vumbi la njia zetu za mashambani ni jingi.

Tatu, likienda dakika moja au chache, kisha likakohoa na kufa. Petroli iliyokuwa karibu na injini imekwisha, na nyingine haiji. Tazama kichujio na pampu. Legeza kifuniko cha tangi: ikiwa hewa yaingia kwa kishindo na gari likapona, basi tundu la kupumulia limeziba, na dawa yake si pampu mpya. Tena tazama mafuta yenyewe. Mimina kidogo katika chupa ya kioo uyaache yatulie. Maji hukaa chini. Petroli iuzwayo katika chupa njiani yaweza kuwa na maji, au kuchanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji wa mafuta ulikuwa mkubwa hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

Nne, likienda mpaka likapata moto, likazima ghafula, kisha likipoa likawaka tena. Hii ni dalili ya koili, au ya kile kipimo cha umeme kiangaliacho mzunguko wa injini. Fundi apime cheche wakati gari lingali na moto. Likipoa, ila yajificha.

Tano, gari la dizeli. Hili halina plagi za cheche, lakini halipendi hewa katika paipu za mafuta. Likizima baada ya kubadilishwa kichujio, piga pampu ya mkono mpaka hewa yote itoke, na mwaga maji yaliyotuama chini ya kichujio.

Hadhari, ndugu. Usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Na gari likizima katika mwendo, usukani huwa mzito, na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Usizipoteze. Toka barabarani, weka alama zako za pembetatu, ndipo ufungue boneti.

Sasa jambo kubwa. Katika reli, dereva wa injini huandika ila aliyoiona katika kitabu kabla ya kumkabidhi mwenzake. Twawaombeni madereva wa motokaa mfanye vivyo hivyo. Daftari dogo latosha: tarehe, saa, gari lilikwenda muda gani, lilizima ghafula au kwa kukohoa, mafuta yalinunuliwa wapi, na nani aliambiwa. Karatasi hiyo itamsaidia fundi, na itakulinda wewe.

Maana sheria ipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa makusudi yake, na hata hapo kwa kiasi cha haki. Kichujio kilichoziba si makusudi ya mtu. Na kifungu cha 41 chasema mfanyakazi anayetaka kufukuzwa kwa kosa aelezwe sababu kwa lugha aijuayo, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Basi ukiitwa ofisini usiende peke yako, wala usiende mikono mitupu. Nenda na mwakilishi wako, na daftari lako mkononi.

Umoja ni nguvu.