Kutoa na Kufuta Idhini katika Hifadhidata za Kompyuta

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Zamani kumbukumbu zilikaa masjala, na aliyeshika ufunguo wa kabati alijulikana kwa jina. Siku hizi orodha nyingi za vizazi, ardhi na mishahara zimo ndani ya kompyuta, katika majedwali yanayohusiana, mpango ulioelezwa na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Ufunguo umegeuka kuwa amri mbili: GRANT ya kutoa idhini na REVOKE ya kuifuta.

Idhini hutolewa kwa jedwali na kwa kitendo. Karani wa mapokezi hupewa kusoma tu; mhasibu hupewa kuongeza na kurekebisha. Anayepewa zaidi ya kazi yake huwa amebebeshwa na lawama isiyo yake.

Linalostahiki kuangaliwa zaidi ni idhini inayoambatana na ruhusa ya kuwagawia wengine. Afisa humpa msaidizi wake, naye msaidizi akampa wa tatu. Afisa akihamishwa, je, hao wawili wabaki na nini? Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade wa IBM walieleza jawabu lao: idhini ya mtoaji ikifutwa, zifutwe na zote zilizotokana nayo. Hata hivyo, aliyeipata idhini hiyo hiyo kwa mkuu mwengine asiyehusika na wa kwanza hubaki nayo. Hapa pana khatari, kwani karani hudhaniwa amefungiwa mlango, kumbe wa pili uko wazi, na hati ya shamba la mtu yaweza kubadilishwa bila ya mwenyewe kujua.

Kanuni za lugha ya SQL za mwaka 1992 ziliweka khiyari mbili: CASCADE, inayofuta mlolongo wote, na RESTRICT, inayokataa kufuta pakiwa na waliogawiwa. Programu nazo hazifanani. PostgreSQL hukataa mpaka iamriwe CASCADE. MySQL haifuti mlolongo kabisa, hivyo kila mtu hufutiwa peke yake.

Kwa hiyo wakuu wa idara wanaombwa, barua ya uhamisho inapotiwa saini, waitake kwa fundi orodha ya idhini za mhusika, za aliowagawia na za waliompa, na ikaguliwe kabla hajakabidhi ofisi.