Mkanda wa Injini Unaolia: Uchunguzi wa Nyumbani Kabla ya Spana

Mada hii inatetea hoja moja. Mkanda wa injini unaolia uchunguzwe kwanza, kabla haujakazwa, haujapakwa kitu wala kubadilishwa, na uchunguzi huo mwenye gari anaweza kuufanya mwenyewe nyumbani. Nasema hivyo kwa sababu mazoea yetu yamekaa kinyume. Gari likianza kupiga kelele asubuhi, wengi tunakimbilia kunyamazisha: mche wa sabuni unasuguliwa kwenye mkanda, au alteneta inavutwa mpaka mkanda unakuwa mgumu kama ubao, au mkanda mpya unafungwa bila mtu kuuliza ule wa zamani ulilia kwa nini. Kelele inakwisha kwa siku chache, inarudi, na safari hii inarudi pamoja na beringi iliyokufa. Ninaouzungumzia hapa ni mkanda wa nje, ambao mafundi wengi bado wanauita fenibelti hata pale ambapo feni inazungushwa na umeme. Mkanda wa taimingi hukaa nyuma ya kifuniko chake, una kanuni zake, na haumo katika mada hii.

Mkanda huu unazungushwa na puli ya krenki, nao unazungusha vifaa vingine kwa msuguano peke yake. Katika Toyota ndogo zilizojaa barabarani kwetu, kama Vitz na IST zenye injini ya 1NZ, mkanda mmoja unabeba alteneta, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi. Mzigo huo si mdogo. Alteneta inayotoa ampea 80 kwa volti 14 inazalisha wati 1,120, na kwa kuwa sehemu ya nguvu inayoingia hupotea kama joto, inadai kutoka kwenye mkanda zaidi ya nguvu ya farasi mbili. Mshiko ukipungua, mkanda hunata kidogo, ukateleza, ukanata tena, mara nyingi sana katika sekunde moja, na mtetemo huo ndio mlio tunaousikia. Meza nzito ikiburutwa kwenye sakafu ya saruji hulia kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mlio hujitokeza zaidi mara tu baada ya kuwasha gari, wakati alteneta inarudisha chaji iliyotumika, au mtu anapowasha taa na kiyoyozi kwa pamoja. Unyevu wa alfajiri nao huchangia, hasa Pwani, ambako puli za gari lililolala muda mrefu hushika kutu na kuukwaruza mkanda.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kinahitaji chupa ya kupulizia na maji safi tu. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, mtu asimame pembeni na kupulizia maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mifereji, bila kusogeza mkono karibu na puli. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea, umelika, au tenshena yake, yaani kifaa kinachouvuta, imechoka, na maji yamepunguza hata ule mshiko kidogo uliobaki. Mlio ukitoweka kisha ukarudi maji yanapokauka, dalili inaelekea kwenye puli zisizokaa katika mstari mmoja. Mkanda hapo unaingia kwenye mifereji kwa pembe, ubavu wake unasugua ukingo, na maji yamelainisha msuguano huo kwa muda. Mlio wa aina hii kwa kawaida ni mfupi na wa kurudiarudia, kama wa kifaranga, na huenda kasi injini inapoenda kasi. Maji yasipobadilisha chochote, shaka ihamie kwenye beringi. Kipimo hiki hakitoi hukumu ya mwisho, lakini kinamwonyesha mtu pa kuanzia, na hilo ndilo linalokosekana pale mkanda unapokazwa kwa kubahatisha.

Baada ya hapo injini izimwe, ufunguo utolewe, na macho yafanye kazi. Mkanda wenye mafuta ya injini au maji ya rejeta unaonyesha kwamba kuna mvujo juu yake au pembeni yake: pengine gasketi ya kifuniko cha vali, pengine sili ya krenki, pengine pampu ya maji yenyewe. Kufunga mkanda mpya chini ya mvujo ni kuupa mpya maradhi ya wa zamani, kwa sababu mafuta huuvimbisha na kuulainisha mpira. Mvujo uzibwe kwanza, puli zisafishwe zikauke, ndipo mkanda ubadilishwe. Puli zinazoshukiwa kupishana zinaweza kupimwa kwa rula ndefu iliyonyooka. Kupinda kwa nusu nyuzi tu ni kupishana kwa takriban milimita mbili na nusu katika umbali wa sentimita 30, na hilo latosha kuleta kelele. Beringi huchunguzwa mkanda ukiwa umetolewa: kila puli izungushwe kwa mkono, na ile inayokwaruza, inayokwama au inayocheza huku na huku ndiyo yenye kasoro. Kabla ya kuutoa mkanda, njia yake ipigwe picha kwa simu. Ni jambo dogo, lakini bila picha hiyo kuurudisha kunaweza kumaliza mchana mzima.

Wapo watakaosema sabuni inafanya kazi, kwani kelele inakoma papo hapo. Ni kweli inakoma. Lakini mkanda unapaswa kushika, na kitu chochote cha utelezi kinaondoa kelele kwa kuondoa mshiko. Alteneta inapokea mzunguko pungufu, betri inakosa chaji, na katika injini ya 1NZ pampu ya maji nayo inategemea mkanda huo huo. Kulipa utulivu wa masikio kwa injini inayochemka kwenye foleni ya mchana si biashara ya kukubali.

Hoja nzito zaidi ni ya bei. Mkanda ni spea nafuu kuliko nyingi, kwa nini usibadilishwe tu? Naikubali kwa sehemu. Gari lililoagizwa likiwa limetumika huja na mkanda usiojulikana umri, na kuubadilisha mapema ni busara. Tena, mikanda iliyotengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao tangu miaka ya 1990 umechukua nafasi ya neoprini, hulika mifereji yake kidogo kidogo bila kupasuka, kwa hiyo mkanda usio na nyufa unaweza kuwa umekwisha. Lakini nikubalipo hayo, hoja yangu inabaki mahali pake. Mkanda mpya una ukingo mkali na mshiko mzuri, hivyo hufunika kasoro ya puli au tenshena kwa majuma kadhaa, na kasoro hiyo inaendelea kuula. Kuhusu kukaza, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mvuto uliopita kiasi hauonekani wala hausikiki mpaka beringi za alteneta na pampu zimeharibika. Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha gari husika. Pale penye tenshena ya springi hakuna cha kukaza kabisa: ikiwa mkono wake unatikisika sana injini inapounguruma, au umefika mwisho wa alama zake, ibadilishwe.

Pingamizi la usalama nalichukulia kwa uzito. Puli inayozunguka haimsamehe mwenye mkono mrefu wa shati, ncha ya khanga au nywele zisizofungwa, na feni ya umeme inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa. Waya hasi wa betri uchomolewe kabla spana haijagusa alteneta. Puli zinazohitaji kuvutwa kwa mashine, bano lililopinda na pampu ya maji iliyokufa ni kazi za gereji, na sioni aibu yoyote kuzipeleka huko. Tofauti ni kwamba mwenye gari atafika akiwa na maneno ya kumwambia fundi: maji yalizidisha mlio, puli ya alteneta inakwaruza, hapa pana mvujo. Fundi mwema atayapokea kwa furaha, maana yanampunguzia saa za kutafuta. Na mkanda mpya ukishafungwa kwenye gari ambalo mkanda wake hukazwa kwa boliti, mvuto wake upimwe tena baada ya siku chache, kwa kuwa mpira mpya hulegea kidogo unapokaa kwenye mifereji yake.