NENO LA KATIBU KIKAONI: TUHUMA SI HUKUMU



Oktoba 1952 wakoloni walimkamata Jomo Kenyatta. Wapelelezi na magazeti ya walowezi walishamwita kinara wa Mau Mau. Aprili 1953, Kapenguria, akahukumiwa miaka 7. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kuwa alidanganya mahakama baada ya kuahidiwa masomo Uingereza. Hata hivyo, Kenyatta hakuachiwa huru hadi 1961. Ukweli ulichelewa, yeye akalipa kwa miaka.

Wiki hii mwenzetu ameitwa mwizi wa michango humu kundini. Hakuna aliyeonesha stakabadhi hata moja. Jumapili nitafungua daftari la mapato na matumizi mbele ya wote. Mwenye ushahidi aje nao. Asiye nao, asisambaze.

Katibu wa Tawi