Mkoba Wako Mbele ya Polisi

Septemba 2003 mwanafunzi Kevin Gillan alikuwa juu ya baiskeli akienda kupinga maonyesho ya silaha mashariki mwa London. Polisi walimsimamisha, wakaupekua mkoba wake, wasikute kosa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000 kiliwaruhusu, hata kama hawakumshuku kwa lolote.

Mahakama za Uingereza zilikataa malalamiko yake: mbona abiria hupekuliwa uwanja wa ndege? Januari 2010, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg ilijibu kuwa abiria aweza kuacha kusafiri. Mpita njia hana hiari hiyo. Tena kufunguliwa mkoba hadharani, ilisema, kwaweza kuzidisha fedheha. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012.

Leo, katika England na Wales, kwa kawaida polisi sharti awe na sababu ya msingi ya kukushuku, akutajie jina lake, kituo chake na anachokitafuta kabla hajaugusa mkoba. Nasema kwa kawaida, kwani kifungu cha 60 cha sheria ya 1994 bado huruhusu upekuzi bila kumshuku mtu, katika eneo na saa zilizowekwa. Hata hapo, una haki ya kudai maandishi ya upekuzi huo.