Triveni: Mto wa Tatu



Katika Kisanskriti, tri ni tatu. Neno hilo tumelirithi katika majina mengi: Trimurti, yaani Brahma, Vishnu na Mahesh, triloka, yaani dunia tatu, trishul, mkuki wa Shiva wenye ncha tatu. Leo nimechagua moja tu, triveni. Veni ni msuko wa nywele, na kila mama aliyemsuka binti yake anajua kwamba msuko hushikana kwa mafungu matatu.

Jina hilo limepewa pia mahali mito mitatu inapokutana. Huko Prayag, Ganga na Yamuna huonekana kwa macho. Wa tatu, Saraswati, hauonekani, lakini twaamini kuwa upo. Somnath, katika Gujarat, iko triveni nyingine, ya Hiran, Kapila na Saraswati, karibu na bahari. Ndiko nilikopeleka majivu ya marehemu baba yangu.

Baba alikuwa na duka Tanga. Nilipokuwa kijana nilimsihi aache kukopesha. Siku moja, akiwa hayupo, nilimnyima mvuvi, jirani yetu, kilo mbili za unga, tena mbele ya watu. Baba aliporejea hakunigombeza. Aliubeba unga mwenyewe hadi kwa yule mvuvi, wala hakuandika daftarini.

Baba alipofariki, mvuvi yule, sasa mzee, alinijia na fedha zilizofungwa katika leso.

"Mwanangu, hili ni deni la baba yako."

Nikafungua daftari. "Jina lako halimo, mzee."

"Najua halimo," akajibu. "Lakini mimi nakumbuka."

Sikuzipokea mpaka nilipomwomba radhi. Naye aliniwia radhi.

Dukani niliona mito miwili, mtaji na bidhaa. Wa tatu, uaminifu baina ya jirani na jirani, sikuuona, nikadhani haupo. Kumbe ndio uliotulisha.

Leo tunaadhimisha miaka ya hekalu letu. Jengo laonekana, na michango imeandikwa kwa majina. Lakini ninyi majirani, mliovumilia kengele zetu za alfajiri na kuwasindikiza wafu wetu pamoja nasi kwa machozi, hamumo katika orodha yoyote. Deni lenu halimo daftarini. Lakini sisi tunakumbuka.