Fungua kasha kwanza

Juma hili naomba tuyaweke kando mambo ya siasa na foleni za barabarani, tuzungumze kuhusu kitu ambacho sasa kimo katika nyumba nyingi za mjini, nacho ni kompyuta ya mezani, hasa ile ya mtumba. Namaanisha zile mashine nyeusi zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya na Marekani, ambazo zikichokwa huko hufungwa kwenye makontena na kuletwa kwetu, nyingine zikipitia Dubai. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utazikuta zimepangwa kama matofali: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Bei yake ni nafuu, mwili wake ni mgumu, na mimi sina ugomvi nazo hata kidogo.

Ugomvi wangu uko kwenye jambo linalofuata. Kijana anaichukua mashine hiyo, anaitumia miezi michache, kisha anaona picha za mchezo zinakwamakwama, au video ya harusi inakesha usiku kucha kabla ya kuwa tayari. Wenzake wanamwambia: "Wewe tia kadi ya picha tu, itaruka hiyo." Na ushauri huo si wa uongo. Kadi ya picha, au grafiki kadi kama wengi wanavyoiita, ni kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, ina ubongo wake, kumbukumbu yake na mara nyingi feni yake, na kazi yake ni kuchora yale tunayoyaona kwenye skrini. Ubaya ni kwamba anayeshauri, na aghalabu anayeuza pia, haulizi swali la kwanza: je, mashine hiyo ina umeme wa kuilisha kadi hiyo?

Ndani ya kasha kuna boksi la bati lenye feni, ambalo hupokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vingine. Hilo ndilo pawasaplai. Ubavuni lina kibandiko, na katika kibandiko hicho imo namba moja yenye maana kuliko matangazo yote ya dukani, yaani wati. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, ile yenye kasha jembamba, imeandikwa wati 255. Ile ya kasha refu ina wati 290. HP EliteDesk 800 G1 nyembamba ina wati 240. Hizi ni mashine zilizoundwa kwa ajili ya barua na mahesabu, wala mtengenezaji hakukosea kuzipa umeme wa kiasi hicho.

Tufanye hesabu pamoja, na mwenye kalamu aandike. Prosesa ya Core i5-4590 inakadiriwa kwa wati 84. Tundu refu la kwenye madabodi, ambalo kadi ya picha huchomekwa, lina kikomo cha wati 75 kwa mujibu wa kanuni zake. Jumla ni 159. Ongeza diski, kumbukumbu, feni na madabodi yenyewe, bado uko salama chini ya 240. Kwa hiyo kadi inayotosheka na umeme wa tundu peke yake itaishi humo bila taabu. Lakini kadi kama GTX 1660 Super ya mwaka 2019 inataka wati 125, na inadai iletewe plagi yake ya pini nane kutoka kwenye pawasaplai. Plagi hiyo katika mashine hizi nyembamba haipo. Na kutokuwepo kwake si usahaulifu wa kiwandani, ni jibu.

Yuko kijana wa mtaani kwetu, mpiga video za harusi, ambaye alilipata jibu hilo kwa njia ya mateso. Aliweka akiba ya kazi mbili, akanunua kadi ya namna hiyo. Alipofika nyumbani akakuta kadi ni ndefu kwa kimo kuliko kasha, kifuniko hakifungi, na plagi hakuna. Akarudi kwa fundi. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu, hilo dogo," akamuuzia kipande cha waya kinachobadili plagi ya diski kuwa plagi ya pini nane. Kijana akashukuru, "Asante kaka," akaenda zake.

Sasa sikilizeni. Plagi ya diski, ile ya SATA, imepimwa kubeba wati 54 tu katika laini yake ya volti 12. Plagi ya pini nane inaruhusiwa kudai hadi wati 150. Ni sawa na kuchomeka pasi na jiko kwenye waya wa taa ya chumbani. Ikadumu majuma mawili. Usiku mmoja, katikati ya kuandaa harusi ya watu, chumba kikanuka plastiki iliyoungua na mashine ikazima. Diski ilinusurika, Mungu saidia, lakini pawasaplai na kadi havikunusurika. Mkanda ulichelewa karibu mwezi mzima, na baba wa bibi harusi akakataa kumalizia malipo. Mimi siwezi kumlaumu mzee yule, wala simlaumu sana kijana. Namlaumu fundi aliyeuza waya ule akijua unakwenda kufanya nini.

Kuna wengine wanasema: basi badilisha pawasaplai, weka kubwa. Hapa ndipo watengenezaji nao wanapostahili kuulizwa. Mwaka 1995 Intel ilitoa kiwango kiitwacho ATX, ili pawasaplai ya kampuni yoyote iweze kufungwa katika kasha la kampuni nyingine. Lilikuwa jambo la busara. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini Dell ilitoa mashine zenye plagi ya umbo lilelile la ATX, huku waya ndani yake zimepangwa vingine, na aliyechomeka pawasaplai ya kawaida aliweza kuiunguza madabodi. Katika 9020 niliyoitaja, badala ya pini 24 za kawaida utakuta pini nane. EliteDesk 800 G1 ina pini sita. Nasikia utetezi kwamba mpango huo hupunguza upotevu wa umeme, na huenda ni kweli. Hata hivyo, anayebaki amefungwa ni mnunuzi wa pili na wa tatu, ambao hakuna kiwandani aliyewafikiria. Kwa kasha refu zipo waya za kubadilisha plagi hizo ya madabodi, na zinafanya kazi. Kwa kasha jembamba haisaidii, maana pawasaplai ya kawaida haiingii humo.

Basi mwenye mashine ya ofisi anunue nini? Anunue kadi isiyohitaji plagi ya pembeni. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zilikadiriwa kwa wati 75, ingawa baadhi ya matoleo ya 1650 huja na plagi, kwa hiyo itazame kwa macho yako. RTX 3050 ya gigabaiti sita, iliyotoka mwaka 2024, ni wati 70. Kama kasha lako ni jembamba, tafuta ile ya kimo kifupi yenye bati fupi la nyuma, na upime unene pia, kwani nyingi huchukua nafasi ya matundu mawili. Rula ya mwanafunzi yatosha.

Kwa wapiga video nina neno la ziada, kwa sababu hili dukani hamwambiwi. GT 1030 ya Nvidia na RX 6400 ya AMD ni ndogo, hazili umeme mwingi na zinaingia popote, lakini zote mbili hazina kile kiungo cha kusindika video inapotolewa. Mcheza michezo anaweza asijali. Wewe unayeuza harusi utakuwa umenunua kadi ambayo, kwenye kazi ile uliyoinunulia, imekaa mikono mfukoni.

Tena, mwaka 2025 Nvidia ilisitisha draiva mpya za kawaida kwa kizazi cha GTX 1050 Ti, ikabakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi haifi kwa sababu hiyo, ila bei yake ishuke, na wewe ndiwe wa kulisema hilo mbele ya muuzaji. Halafu ziko za bandia: kadi za kizazi cha mwaka 2011, kama GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kuwa 1050 Ti. Ukiona 1050 Ti yenye tundu la buluu la VGA, shtuka, maana kizazi hicho hakikuundwa na njia hiyo. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imekuwa ikizibaini nyingi tangu mwaka 2018. Beba kasha lako hadi dukani, kadi ifungwe pale pale, programu iwashwe, mchezo au video iendeshwe nusu saa, ndipo utoe fedha.

Na ukishafika nyumbani, ng'oa waya wa skrini kutoka tundu la zamani uuchomeke kwenye kadi mpya. Msicheke. Nimekwisha kuitwa nyumba mbili kuja kutazama kadi "iliyokufa", nikakuta ni nzima kabisa, inazungusha feni yake taratibu, na waya wa skrini uko palepale ulipokuwa siku zote.