Uvimbe wa taya haungoji siku ya soko



Leo tunasema juu ya limfoma ya Burkitt, kansa ya watoto inayoonekana sana fasi penye malaria haikatiki, kama kwetu. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka wa 1958, akifanya kazi Kampala. Inaanza tayani ao tumboni. Jino linalegea, jirani anasema ling'olewe tu.

Wazazi wanatuuliza: ni sumu? Ni laana tuliyotoka nayo kambini? Ni damu mbaya ya upande wa mama? Hapana, wandugu. Ndani ya chembe moja ya damu nyeupe, kromosomu ya 8 na nyingine, mara nyingi ya 14, zinakatika na kubadilishana vipande. Jeni inayoitwa MYC, ile inayoamuru chembe igawanyike, inajikuta fasi ambako haizimwi tena. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili! Mtoto hakuzaliwa nao, wala hauambukizi. Basi mama asitukanwe kwa wakwe.

Kwa kuwa chembe hizo ziko mbioni, dawa kama siklofosfamidi na vinkristini zinazikamata vizuri. Siku chache tu, taya linashuka. Na hapo ndipo tulikosea sisi wenyewe. Mwaka jana tulilipia mtoto mmoja safari ya kwanza. Akarudi na sura yake, anacheza. Mama akasema amepona, na sisi tukafurahi naye, kwani mfuko wetu ulikuwa wa kwenda mara moja. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Uvimbe ulirudi, na safari hii dawa haikuuweza. Tulimzika kabla ya mvua kuanza. Katika ripoti tulimwandika kati ya "waliosaidiwa".

Tunaomba mfuko ubadilishwe: mtoto akianza, alipiwe mpaka sindano ya mwisho, pamoja na chakula cha mama kule hospitali na cha wadogo waliobaki nyumbani. Watakaosaidiwa watakuwa wachache kwenye karatasi, tunajua.

Na ninyi wazazi, mukiona taya la mtoto limevimba na meno yanatikisika, musing'oe. Gongeni kwetu, hata usiku.